Wageni 4,000 na simu iliyokaa kimya

Siku tovuti yetu ilipopata wageni 4,000, simu haikulia hata mara moja. Niliamka alfajiri kuangalia takwimu, nikakuta ule mstari uliokuwa umelala chini miezi yote umesimama wima kama mlingoti. Nikampigia mdogo wangu, ambaye ndiye anayepokea simu za wateja na kufunga mizigo, nikamwambia ajiandae maana leo tutazidiwa. Saa sita mchana akaniandikia: "Kaka, hao wageni wako wamepitia dirishani?" Hadi jioni tulikuwa tumeuza pakiti moja ya sindano, na aliyeinunua alikuwa mteja wetu wa zamani.

Wageni wale nilikuwa nimewanunua. Wapo watu wanaouza wageni kwa maelfu kama mtu anavyouza misumari kwa kilo, na mimi nilikuwa nimechoka kuiona tovuti ikikaa kama nyumba isiyo na mlango. Nilipochungulia zile takwimu kwa makini, karibu wote walikaa chini ya sekunde moja, hakuna aliyefungua ukurasa wa pili, na wengi walitoka katika nchi ambazo hatujawahi kutuma hata skrubu. Zilikuwa roboti, au kurasa zilizofunguliwa kichinichini kwenye simu za watu wasio na habari nasi. Siwezi kusema nilitapeliwa kabisa. Niliahidiwa wageni, nikaletewa wageni. Kosa ni kwamba sikujiuliza wageni wa kuja kufanya nini.

Kazi yetu ni cherehani: tunazitengeneza, na kwa njia ya mtandao tunauza vipuri vyake, yaani sindano, bobini (vigurudumu vya uzi wa chini), mikanda, meno ya kusukuma kitambaa na vinginevyo. Ni biashara ya watu wawili. Nalisema hili mapema kwa sababu ushauri mwingi niliousoma wakati ule ulikuwa wa kampuni yenye idara nzima ya masoko: andika makala kila siku, piga video, lipia matangazo, tuma barua pepe, fungua akaunti kwenye kila mtandao. Nilijaribu vyote kwa pamoja kwa muda wa miezi miwili hivi. Matokeo yake cherehani za watu zilianza kurundikana mezani bila kuguswa, na hakuna njia hata moja niliyoweza kusema kwa uhakika kwamba inafanya kazi au haifanyi.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na aibu nyingine ambayo nilikuwa bado sijaigundua. Tovuti ilikuwa hewani tangu miezi tisa nyuma, na Google haikuwa ikiijua. Sizungumzii kuwa ukurasa wa tano au wa kumi katika matokeo, haikuwepo kabisa. Niligundua kwa bahati, nilipofundishwa kuandika site: ikifuatiwa na anwani ya tovuti yangu, bila nafasi katikati, ndani ya kisanduku cha kutafutia. Likarudi jibu tupu. Tovuti yetu inatumia WordPress, programu ya kujengea tovuti, na katika mipangilio yake kuna kisanduku kidogo cha kuziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye orodha zao. Wajenzi wengi hukiwekea alama wakati kazi ikiendelea ili kurasa ambazo hazijakamilika zisionekane. Chetu kiliwekewa alama siku ya kwanza na hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Miezi tisa! Niliiondoa kwa mbofyo mmoja. Kisha nikajisajili Google Search Console, huduma ya bure ambapo mwenye tovuti huona jinsi Google inavyoiona tovuti yake, nikawasilisha orodha ya kurasa zetu, na ndani ya wiki chache zikaanza kujitokeza moja moja. Mtu akiniuliza leo aanzie wapi, simwambii habari ya matangazo. Namwambia kwanza ahakikishe mlango uko wazi.

Mitandao ya kijamii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonichanganya zaidi. Nilirekodi video ya cherehani kongwe iliyoshikwa na kutu, nikaifungua yote, nikaisafisha, nikaipaka mafuta, na mwishoni ikashona mstari ulionyooka kama uzi wa timazi. Watu waliipenda sana. Walisifu, wakaitumia kwa wenzao, wakasimulia habari za bibi zao. Wafuasi wakaongezeka. Nikasema sasa nimepata. Nikatengeneza ya pili, ya tatu, ya saba. Kila moja ilinichukua siku nzima, na kila moja ilileta sifa tele na mauzo ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Mtu anayeangalia video yangu jioni amejilaza kitandani, anapumzisha akili. Hana cherehani iliyoharibika. Huenda hana cherehani kabisa. Mimi nimemkatiza katika mapumziko yake, naye kanivumilia kwa sababu nimemfurahisha. Mwingine yuko mbele ya mashine iliyokwama, nguo ya mteja wake imenasa chini ya mguu wa mashine, na anaandika kwenye simu kwa kidole kimoja: kwa nini uzi unakatika. Huyo anatutafuta sisi, ila hajajua kama tupo. Tangu hapo njia yoyote ninayoletewa naipima kwa swali moja: huyu mtu, dakika ile anayokutana nasi, anafanya nini?

Kingine kilichonipunguzia pupa ya mitandao ni kwamba ule uwanja si wetu. Wenye mtandao wakibadilisha mfumo wa kupanga nani aone nini, hawahitaji ruhusa yangu, na hawajifichi. Januari 2018, kwa mfano, Facebook ilitangaza wazi kwamba itatanguliza machapisho ya jamaa na marafiki kuliko ya kurasa za biashara. Anayejenga hapo ajue anajenga kwenye kiwanja cha mtu.

Baada ya hapo nikaenda kwenye matangazo ya utafutaji, yale ya kulipia kila mtu anapobofya. Kwa swali langu jipya, njia hii ilifaulu mtihani: mtu anatafuta, tangazo linatokea. Lakini nililipia neno "cherehani" peke yake, na nikaacha tangazo litokee kwa utafutaji wowote unaokaribiana nalo. Wiki mbili baadaye nikafungua taarifa inayoonyesha watu waliandika nini hasa kabla ya kubofya. Nashauri kila anayelipia matangazo aisome taarifa hiyo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Walikuwemo waliotaka kujifunza kushona. Waliotaka picha ya cherehani ya kuchora. Waliotafuta kazi ya ushonaji. Waliotaka kununua cherehani mpya, ambayo sisi hatuuzi. Mmoja alikuwa anatafuta maana ya kuota unashona. Wote hao niliwalipia mimi.

Nilianza upya kwa maneno machache na membamba: majina ya vipuri pamoja na namba zake. Nikaandika orodha ya maneno ya kukataa, ili anayetaja "kozi" au "kazi" au "picha" asionyeshwe tangazo letu. Wageni wakapungua hadi robo. Oda zikaongezeka. Hapo ndipo nilipoacha kuamka alfajiri kuhesabu wageni. Matangazo bado tunayatumia, ila kwa vipindi, hasa tunapopata mzigo wa kipuri ambacho watu wanakihitaji na kurasa zetu bado hazijaanza kuonekana kwa jina lake. Ukiacha kulipa, wageni wanaacha kuja siku hiyo hiyo, na hilo lazima ulijue tangu unapoanza.

Njia iliyotubeba hasa haikutoka kwangu. Mdogo wangu ana daftari. Kila mteja anapopiga simu anaandika jina la mashine na tatizo, kwa maneno yale yale ya mteja, ili asisahau wakati wa kufunga mzigo. Siku moja nilikuwa nalalamika kwamba sijui niandike nini kwenye tovuti, akanisukumia daftari mezani. "Hawa wanauliza kila siku. Wajibu huko, nipumzike kujibu huku."

Nikalisoma lote usiku huo. Kurasa zangu zilikuwa na vichwa kama "Urekebishaji wa mvutano wa uzi". Katika daftari zima hakuna mtu aliyetamka neno mvutano. Walisema: mashine inatafuna kitambaa. Uzi unajikusanya chini. Inaruka mishono. Inashona mbele haishoni nyuma. Sindano inavunjika kila nikifika kwenye pindo nene. Mimi nilikuwa nimeandika kama fundi anayetaka mafundi wenzake wamheshimu, na mafundi wenzangu hawakuhitaji kuniuliza kitu.

Mfano wa huo uzi unaojikusanya chini nitausimulia kwa kirefu, kwa sababu ndio uliotufundisha mengi. Mtu akiona fundo la uzi chini ya kitambaa, anaamini tatizo liko chini. Anafungua bobini, anaizungusha, anabadilisha, anakaza skrubu ndogo ya boksi lake mpaka anaiharibu. Mara nyingi tatizo liko juu. Alipitisha uzi akiwa ameshusha mguu wa kukandamizia, na mguu ukiwa chini vile visahani vinavyoubana uzi wa juu huwa vimefumba, kwa hiyo uzi haukuingia katikati yake. Unapita huru, hakuna kinachoubana, na unarundikana chini. Dawa yake ni kutoa uzi, kuinua mguu, kupitisha uzi upya. Dakika moja, na haigharimu kitu.

Niliandika ukurasa huo kwa kichwa kile kile cha wateja, "Uzi unajikusanya chini ya kitambaa", nikaweka picha nne nilizopiga mezani kwetu. Mdogo wangu akanijia juu. "Kaka, unawapa dawa bure. Sasa watanunua nini?" Sikuwa na jibu la maana, nikamwambia tungoje. Tulingoja hasa. Mwezi wa kwanza ukurasa ulisomwa na watu 11, na nadhani watatu kati yao tulikuwa sisi wenyewe na shemeji. Mwezi wa tatu, 60. Kuanzia mwezi wa tano ukaanza kupanda bila sisi kuugusa, na mpaka sasa kuna siku unaleta watu wengi kuliko kurasa zetu nyingine zote zikijumlishwa.

Na walinunua nini? Waliopona kwa kuinua mguu walirudi baadaye kutafuta sindano, kwa sababu walishatujua. Ambao hawakupona, kwa kuwa ndoano ya mashine yao, ile inayodaka uzi chini, ilikuwa imekwaruzika au haikutani tena na sindano kwa wakati wake, walipiga simu wakiwa wameshajaribu jambo la kwanza, wanajua kueleza, na hawabishani nasi kama tunajua kazi. Mdogo wangu aliacha kulalamika alipoona simu zimekuwa fupi na oda zimekuwa ndefu. Hajawahi kukiri kwa mdomo.

Tuliendelea hivyo, ukurasa mmoja kwa kila swali lililojirudia. Uliofuata kwa manufaa ni jedwali la sindano. Sindano za mashine nyingi za nyumbani ni za mfumo wa 130/705 H, shina lake lina upande mmoja bapa. Za mashine nyingi za viwandani za mshono wa kawaida ni DBx1, shina lake ni mviringo. Mtu akichanganya hizi mbili, ama haiingii, ama inaingia vibaya na mashine inaruka mishono. Nikaweka picha, majina mengine ya mfumo uleule, na namba za unene kulingana na kitambaa.

Jedwali hilo lilikuwa na kosa. Mwalimu mmoja wa ushonaji alituandikia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba mstari mmoja si sahihi na wanafunzi wake wawili wameshaufuata. Nilirekebisha siku hiyo hiyo, nikamshukuru, na chini ya jedwali nikaandika kwamba limesahihishwa. Wiki iliyofuata akaweka kiungo cha jedwali letu kwenye tovuti ya darasa lake. Baadaye walimu wengine wawili wakafanya vivyo hivyo. Wakati huo huo nilikuwa napokea barua kutoka kwa watu wasionijua wakiniuzia viungo 500 vya namna hiyo kwa mkupuo, wakiahidi nafasi ya kwanza Google, maana Google hupima tovuti pia kwa viungo inavyopewa na tovuti nyingine. Baada ya wale wageni 4,000 masikio yangu yalikuwa yameshafunguka. Tangu Aprili 2012 Google ilipoanzisha mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, viungo vya kununua ni jambo inalolisaka, na tovuti inaweza kushushwa kwa ajili yake. Viungo vitatu vya walimu vilituletea watu wenye sindano mkononi.

Kuhusu kasi ya tovuti nitasema kwa ufupi. Picha zangu zilitoka kwenye simu moja kwa moja, kila moja ikiwa na uzito wa megabaiti nne au tano, na mtu mwenye mashine iliyokwama hangoji. Google wenyewe wanashauri kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Wetu ulichukua 9 kwenye simu ya zamani. Nilizipunguza picha zote jioni moja huku nasikiliza redio. Pia tulijaza taarifa zetu kwenye Google Business Profile, ukurasa usio na malipo unaoonyesha biashara kwenye Google na ramani zake, kwa ajili ya wale wanaotaka kubeba mashine na kuileta wenyewe. Saa za kazi, picha, namba ya simu. Kwa kazi ya matengenezo inasaidia sana, kwa kuuza vipuri kwa mbali haisaidii kitu.

Barua pepe nilianza nazo kwa ujinga. Nilikusanya anwani zote kutoka kwenye risiti za zamani nikawatumia watu tangazo bila kuwauliza. Wengine waliibofya kama barua taka, na kila anayefanya hivyo anaichafulia jina anwani yako, hata zile barua ambazo watu wanazisubiri zinaanza kupotelea kwenye folda ya taka. Niliomba radhi, nikaifuta orodha yote. Sasa tunamwuliza mteja wakati wa kununua kama angependa kukumbushwa kusafisha na kupaka mafuta, na akikubali anapata barua moja kila baada ya miezi sita yenye jina la mashine yake. Ni orodha ndogo, watu 340 nilipoitazama mara ya mwisho. Ikitoka, siku mbili zinazofuata mdogo wangu hali chakula cha mchana kwa wakati.

Jambo moja limenilazimisha kurudi nyuma kidogo katika hukumu yangu. Tulianza kumuuliza kila mteja mpya ametupataje, na kila kiungo tunachokitoa nje nikawa nakiwekea lebo ili takwimu zionyeshe kimetoka wapi. Majibu mawili hayakuwa yanalingana. Takwimu zilisema mteja fulani ametoka Google; yeye kwenye simu anasema, "Si nyie wale mliofufua ile cherehani yenye kutu?" Alikuwa ameona video mwaka uliopita, akacheka, akaendelea na maisha yake. Mashine yake ilipoharibika akatafuta, akaona majina manne, akabofya lile alilowahi kuliona. Kwa hiyo zile video nilizoziita hasara hazikuwa hasara kabisa. Nimerudi kutengeneza, ila moja kwa miezi miwili, na ni pale tu inapokuja mashine nzuri ambayo ningeifungua hata bila kamera.

Mwaka huu ukurasa wetu wa uzi umepungua wasomaji. Watu wengi sasa wanapata jibu juu kabisa ya matokeo ya utafutaji, limeandikwa na akili mnemba, hawana haja ya kubofya. Mwanzoni nilishtuka. Kisha nikaangalia oda: hazijapungua. Nadhani wanaokosekana ni wale ambao wangesoma, wangeinua mguu, wangeondoka. Ila ndio haohao waliokuwa wakirudi baadaye kutafuta sindano, kwa hiyo sijatulia moyo. Kwa sasa nguvu naziweka kwenye kurasa zenye picha za vipuri tulivyovipima kwa mikono yetu, vitu ambavyo mtu atataka kuviona kabla hajaamua.

Daftari la kwanza lilijaa, tuko kwenye la tatu. Juzi mdogo wangu aliandika swali ambalo hatujawahi kuulizwa: mashine inashona vizuri asubuhi, jua likipanda inaanza kuruka mishono. Mwenye nayo hakuitengeneza kokote, hajabadilisha uzi wala sindano. Tumemwomba atuletee. Iko mezani, nimeifungua nusu, na kamera iko pembeni.